Kijani cha Makandana hakiko kimoja

Anayeanza kujifunza rangi huambiwa akariri: nyekundu, manjano na buluu ndizo rangi za msingi, manjano na buluu huzaa kijani, nyekundu na manjano huzaa rangi ya chungwa, nyekundu na buluu huzaa zambarau. Ni sawa, ila somo likiishia kwenye kopo la kuchanganyia, jicho linabaki halijafunzwa. Mimi ningempeleka mwanafunzi huyo Makandana, hapa Tukuyu, ambako mvua haiachi kitu kikauke.

Atazame chai. Chipukizi na yale majani mawili ya juu yanayochumwa yana umanjano ndani yake. Majani makongwe ya chini yamekolea hadi yanakaribia weusi. Akipaka shamba zima kwa kijani cha kopo moja, atapata zulia. Panapopigwa jua aongeze manjano, kivulini aongeze buluu, na kijani kikizidi ukali atie tone la nyekundu. Kwenye duara la rangi, nyekundu na kijani zinatazamana; zikichanganywa huzimana na kuelekea kahawia.

Zikikaa ubavu kwa ubavu, mambo hugeuka: kila moja huikoleza mwenzake. Matunda ya kahawa yaliyoiva huwaka kati ya majani, na mwanamke aliyejitanda kanga nyekundu huonekana toka ng'ambo ya bonde. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alilichunguza jambo hili katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akagundua kuwa rangi ya nyuzi haikuwa na kasoro. Rangi zilizopakana nazo ndizo zilizozibadilisha machoni. Kitabu chake kilitoka mwaka 1839, na kwangu hilo ndilo somo la kwanza, kabla ya kopo lolote.

Bendera yetu ya 1964 inalionyesha vizuri. Kijani na buluu ni jamaa wa karibu, lakini mstari mweusi unazitenga, na kingo zake za manjano zinautoa ule weusi ukaonekana wazi.

Halafu mwanafunzi ainue macho mashariki, kwenye safu ya Livingstone. Misitu ya kule nayo ni ya kijani, ila hewa iliyopo katikati inaipaka ubuluu. Kwa hiyo milima aichanganyie buluu na nyeupe, manjano aiweke akiba kwa chai iliyo miguuni pake.