Mbunge, Diwani na Muhtasari wa Kijiji: Hoja Yako Inafikaje Dodoma?

Miongoni mwa maswali yanayofika mara kwa mara katika ofisi zetu za kata, lipo moja ambalo huulizwa kwa uchungu: "Mbunge wetu anafanya nini, mbona daraja letu halijengwi?" Swali hili ni la haki. Mwananchi aliyebeba mgonjwa kwa pikipiki wakati wa mvua, akakuta korongo limejaa maji, hana budi kumuuliza mtu fulani, na jina analolikumbuka kwanza ni la yule aliyempigia kura. Makala haya yanaeleza kazi ya mbunge kwa mujibu wa sheria, mahali mamlaka yake yanapokoma, na njia ambayo hoja ya kitongoji huipitia hadi kufika bungeni.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 63, inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge hutunga sheria, hujadili na kupitisha bajeti, huuliza maswali kwa mawaziri na hushiriki katika kamati zinazokagua utendaji wa wizara. Hapajatajwa popote kwamba mbunge ndiye anayejenga barabara, anayechimba kisima au anayeajiri mganga wa zahanati. Kazi hizo ni za Serikali na taasisi zake, na mbunge ndiye anayezibana zizitekeleze. Ndiyo maana Serikali isiyoulizwa hukaa kimya, na mbunge asiyepewa taarifa huuliza mambo ya jumla.

Kwa mkazi wa Mkoa wa Katavi, jambo la kwanza ni kujua mlango wa kubisha. Barabara kuu, kama ile ya Tabora, Koga hadi Mpanda yenye urefu wa takriban kilomita 340, ziko chini ya TANROADS. Barabara za vijijini na mitaani ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Maji vijijini ni ya RUWASA, iliyoanza kazi mwaka 2019, na umeme vijijini hupelekwa kupitia REA. Zahanati, shule za msingi na sekondari, pamoja na mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ni wajibu wa Halmashauri. Barua iliyoandikwa kwa mbunge kuhusu mkopo wa kikundi itazunguka na hatimaye kurudi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, ambaye pengine ofisi yake iko jirani na mwandishi wa barua hiyo.

Katavi ina historia yake katika jambo hili. Mheshimiwa Mizengo Pinda aliingia bungeni mwaka 2000 akiwakilisha Mpanda Mashariki, na baadaye Jimbo la Katavi. Alikuwa Naibu Waziri, kisha Waziri, katika Ofisi ya Waziri Mkuu, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mwezi Februari 2008 aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu, wadhifa alioushika hadi mwaka 2015. Wengi tunamkumbuka kwa jina la "mtoto wa mkulima" na kwa jinsi alivyohimiza ufugaji wa nyuki, shughuli ambayo yeye mwenyewe aliifanya, na ambayo wazee wa Inyonga waliijua tangu enzi za mizinga ya magome. Katika kipindi chake ndipo Serikali ilipoanzisha Kilimo Kwanza mwaka 2009, na ndipo mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulipozaliwa kutoka Rukwa, sambamba na mikoa ya Geita, Njombe na Simiyu.

Waliozaliwa baada ya hapo huenda wasijue maana ya tukio lile. Kabla ya 2012, shauri lililohitaji ofisi ya mkoa lilimlazimu mtu wa Mpanda kusafiri hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200, kwa barabara ya vumbi kiangazi na tope masika. Pamoja na hayo, tusidhani kwamba mkoa huundwa kwa sababu mtu mmoja ana cheo. Ibara ya 2 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa na wilaya, na mapendekezo ya namna hiyo hujadiliwa katika vikao: Mkutano Mkuu wa Kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya na ile ya Mkoa. Mbunge, hata akiwa Waziri Mkuu, husukuma jambo ambalo tayari limeandikwa.

Neno "limeandikwa" ndilo kiini cha makala haya. Tuchukue mfano wa kijiji kinachotaka zahanati. Wananchi wamefyatua matofali, wamechangishana, boma limefika usawa wa lenta na limesimama hapo misimu miwili ya mvua. Kila mtu anajua habari hiyo. Hata watoto hucheza ndani ya boma. Hata hivyo, ikiwa hakuna muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji unaosema kwamba zahanati ni kipaumbele cha kwanza, basi machoni pa mipango ya Halmashauri boma hilo halipo.

Safari huanza hivi. Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaowahusu wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo vipaumbele hupangwa kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Mpango hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni Mtendaji wa Kata. Kutoka hapo hupanda hadi Halmashauri, wataalamu huuchambua, na Baraza la Madiwani huupitisha katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Mwezi Aprili Bunge la Bajeti huanza Dodoma, na mwaka mpya wa fedha hufunguliwa tarehe 1 Julai. Mwananchi anayekumbuka daraja mwezi Mei amechelewa kwa bajeti ile. Hoja yake itasubiri mzunguko unaofuata.

Mbunge anaingia wapi katika mlolongo huu? Anaingia mara mbili. Kwanza, kwa mujibu wa sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, mbunge wa jimbo ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, na wabunge wa viti maalumu pia wana nafasi yao. Hapo husikia hoja kutoka kwa diwani mwenyewe. Pili, bungeni anaweza kuuliza swali la msingi, kufuatisha maswali ya nyongeza, na kuchangia bajeti ya wizara inayohusika. Waziri akijibu, jibu huingia katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge. Ahadi iliyomo humo ina tarehe na ina jina, na diwani wako anaweza kuinukuu barazani mwaka unaofuata. Mbunge mwenye namba ya kijiji, idadi ya kaya na picha ya boma huuliza swali ambalo naibu waziri hawezi kulijibu kwa maneno ya "Serikali itaendelea kutoa kipaumbele".

Lipo pia jambo la Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao wengi huuita "hela za mbunge". Jina hilo linapotosha. Mfuko ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, na fedha zake hupitia Halmashauri. Haziingii mfukoni wala katika akaunti binafsi ya mbunge. Kamati inayoamua matumizi huongozwa na mbunge, katibu wake ni Afisa Mipango wa Halmashauri, na wamo pia madiwani, watendaji wa kata na mwakilishi wa asasi ya kiraia. Mgao wa kila jimbo huzingatia idadi ya watu, hali ya umaskini na ukubwa wa eneo, pamoja na sehemu inayogawanywa sawa kwa majimbo yote.

Neno "kuchochea" liko pale kwa makusudi. Mfuko huu hununua bati za kupaulia, saruji ya sakafu, mbao au vifaa vya kisima. Hautoshi kujenga kituo cha afya kuanzia msingi. Miradi inayofikiriwa ni ile ya jamii, yenye manufaa kwa watu wengi na ambayo wananchi wameshaianza. Mtu anayeomba mbunge amlipie ada au msiba kutoka katika mfuko huu anaomba kitu ambacho sheria hairuhusu, na mbunge anayemkatalia hajawa mchoyo.

Tukiri upande wa pili: zipo kata ambazo zimefuata hatua zote hizi, mihtasari ikajaa kabati, na fedha bado hazijafika. Mahitaji ni mengi kuliko mapato, na maombi ya vijiji hushindana. Katika hali hiyo mwananchi ana haki ya kuuliza barazani na kijijini kwa nini mradi wake umeachwa, na kupewa jibu lenye sababu. Mikutano ya kawaida ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi kusikiliza, ingawa viti vya wasikilizaji mara nyingi hubaki vitupu.

Kwa ajili ya mzunguko ujao wa bajeti, muulize Mtendaji wa Kijiji chako tarehe ya Mkutano Mkuu. Siku hiyo omba muhtasari wa mkutano uliopita usomwe, pamoja na taarifa ya mapato na matumizi. Sikiliza kama boma lenu limetajwa. Ikiwa halikutajwa, nyosha mkono kabla mkutano haujafungwa, na hakikisha katibu ameandika.