Kitenge Kilichogeuka Waridi: Picha Zinazopotea Kompyuta Zinapogawana Kazi



Katika toleo hili tumeona tuwaeleze jambo lililotupata tulipokuwa tukiandaa jaribio la kusikiliza kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walimu wengi hapa Uganda sasa wanajitengenezea filamu fupi za kufundishia, na tunaamini litawapata wao pia.

Filamu yetu ni ya katuni, ina dakika tatu, na inaonyesha soko. Mwanafunzi anatazama, anasikiliza mazungumzo ya wauzaji, kisha anajibu maswali kama vile: "Mama aliyevaa kitenge cha njano anauza nini?" na "Vikapu vyekundu viko wapi?" Rangi si pambo katika jaribio la namna hii. Ndiyo inayomwezesha mwanafunzi kujua ni mama yupi anayeulizwa.

Siku mbili kabla ya jaribio tulifungua kazi iliyotoka maabara, tukaona kitenge cha njano kimekuwa waridi kali. Kufumba na kufumbua kikarudi njano, kisha waridi tena. Vikapu navyo vilikuwa vivyo hivyo. Soko zima lilipepesa kama taa inayotaka kuungua.

Kwa nini kompyuta nyingi?

Tulitumia programu ya Blender, ambayo tangu mwaka 2002 hutolewa bure pamoja na msimbo wake. Filamu ya katuni ni mfululizo wa picha zilizotulia, yaani fremu. Kwa fremu 24 kila sekunde, dakika tatu ni fremu 4,320. Kompyuta zetu huchukua takriban dakika mbili kuichora fremu moja, kazi ambayo mafundi huiita kurenda. Kompyuta moja ingehitaji siku sita, mchana na usiku, bila umeme kukatika. Kompyuta 12 za maabara zikigawana kazi hiyo zinaimaliza kwa saa 12.

Mgawanyo wenyewe ni rahisi. Faili la filamu huwekwa kwenye seva, na kila kompyuta hulifungua kutoka hapo. Katika mipangilio ya matokeo tunakataza fremu iliyokwisha kuwepo isiandikwe upya, na tunaruhusu kompyuta iweke alama kwenye fremu inayoishughulikia. Kompyuta nyingine ikiikuta alama hiyo, inaruka na kuchukua fremu inayofuata. Hii ndiyo sababu ya kupepesa: fremu nzuri na mbovu zilifuatana kwa kuwa zilichorwa na kompyuta tofauti.

Faili halibebi picha

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kwa kawaida faili la filamu halina picha za nakshi ndani yake. Linabeba maumbo, mwanga na miendo. Ua la kitenge na msuko wa kikapu ni picha za pembeni, na faili linahifadhi maelekezo tu ya mahali zilipo. Blender ikifuata maelekezo hayo isiione picha, haisimami wala haigombi. Inapaka waridi na kuendelea na kazi. Kwa hiyo mtu anaweza kuiacha maabara ikifanya kazi usiku kucha, asubuhi akakuta hasara.

Sisi walimu wa lugha tatizo hili tunalifahamu kwa sura nyingine. Ukimwambia mwanafunzi, "Kitabu kiko nyumbani, juu ya meza," ataenda nyumbani kwake, si kwako. Neno "nyumbani" halina kosa, ila kila msikilizaji ana nyumbani kwake. Maelekezo yetu yalianza na herufi ya diski, Z, ambayo kwenye kompyuta yetu ya ofisini ilimaanisha folda ya seva. Herufi hiyo ni kama "nyumbani". Kila kompyuta, na hata kila akaunti ya mtumiaji katika kompyuta moja, inaweza kuwa na Z yake au isiwe nayo kabisa.

Tulivyochunguza

Tulianza kwa kutafuta kompyuta zenye kosa. Kila kompyuta ilipewa fremu moja ileile, nayo ikatoa matokeo kwa jina lake. Kwa kompyuta ya saba, kwa mfano, amri ilikuwa hivi:

blender -b soko.blend -o //jaribio_k7_ -f 100

Sehemu ya -o lazima itangulie -f, kwa sababu programu hutekeleza maagizo kwa mpangilio yalivyoandikwa. Baada ya dakika chache tulijua kuwa kompyuta tisa zilikuwa nzima na tatu zilikuwa na kosa.

Mbili kati ya hizo tatu zilikuwa zimetoka kwa fundi. Aliyeziunga tena na seva aliipa folda ileile herufi S badala ya Z. Ya tatu inatumia Linux, mfumo ambao hauna herufi za diski kabisa. Kwa nini basi fremu zao zilifika mahali pake? Kwa sababu matokeo tulikuwa tumeyaelekeza kwa kuanzia faili lenyewe lilipo, bila kutaja Z. Hapo ndipo tulipoipata dawa: picha nazo zielekezwe hivyo hivyo.

Maelekezo ya namna hii katika Blender huanza kwa mikwaju miwili, //, ambayo maana yake ni "hapa lilipo faili hili". Badala ya kusema "nyumbani", tunasema "katika chumba kinachofuata hapa nilipo". Jengo lihamishwe liendako, chumba bado kinafuata. Katika menyu ya faili, sehemu ya data za nje, kuna amri ya kuyageuza maelekezo yote kwa mara moja, na nyingine ya kuorodhesha picha zisizoonekana. Ukishageuza, hifadhi faili, la sivyo maabara itaendelea kusoma maelekezo ya zamani.

Tulipojaribu tena, zile kompyuta mbili zilipona. Ile ya Linux ilichora vikapu vizuri, lakini kitenge kikabaki waridi. Sababu ilikuwa herufi moja: picha iliitwa Kitenge.png, na faili likataja kitenge.png. Windows kwa kawaida hulichukulia hilo kuwa jina moja, ilhali kwa Linux ni majina mawili. Tulisahihisha, na kitenge kikawa njano.

Hatukuhitaji kurudia filamu nzima. Tulifungua folda ya fremu kwa mwonekano wa picha ndogondogo, tukafuta zote zenye waridi, 1,080 kwa jumla, tukaiamrisha maabara ianze upya. Kompyuta zikaruka fremu zilizokuwepo na kuchora zilizopungua, kazi ya muda wa saa tatu. Jaribio likafanyika siku yake.

Mambo ya kuzingatia

1. Kabla ya yote, weka picha zote katika folda iliyo ndani ya folda ya filamu. Katika Windows, picha iliyo kwenye diski nyingine haiwezi kuelekezwa kwa kuanzia faili lilipo.

2. Yape majina herufi ndogo tupu, bila nafasi.

3. Hakikisha akaunti inayorenda ina ruhusa ya kuisoma folda ya picha. Picha inaweza kuwepo mahali pake na bado mlango ukawa umefungwa.

4. Kama filamu ni ndogo, unaweza kuzifunga picha ndani ya faili lenyewe kwa amri iliyo katika sehemu ileile ya data za nje. Faili litakuwa zito, lakini halitaulizia picha kwa jirani. Kumbuka kwamba video zinazotumika kama picha hazifungwi kwa njia hii.

5. Rendi fremu moja kwa kila kompyuta kabla ya kuiacha maabara usiku, na uchague fremu inayoonyesha vitu vingi.

Mwisho, tunawashauri wenzetu wasiyaache mambo haya kwa mafundi peke yao. Fundi akiiona fremu yenye kitenge cha waridi anaweza kuiona nzuri tu. Mwalimu aliyetunga swali ndiye anayejua kwamba kitenge kile ni cha njano, na kwamba mwanafunzi atakosa alama asizostahili kukosa. Wenye uzoefu mwingine tunawakaribisha idarani watuongezee.