Fahamu: Kwa nini betri ya gari hupigwa CT-scan
CT-scan, iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, sasa inachungulia pia ndani ya betri za magari ya umeme na vipuri vya injini za ndege bila kuvipasua. Hospitalini mgonjwa hulala tuli, mtambo ukamzunguka. Kiwandani mara nyingi ni kinyume: kifaa huzungushwa juu ya meza, mtambo ukatulia.

Tofauti kubwa zaidi ni mionzi. Chuma hakipati saratani, wala hakina mimba ya kuogopea, basi fundi hupandisha nguvu ya eksirei kupita kiwango ambacho daktari angethubutu, hadi ufa mwembamba kuliko unywele uonekane. Anayehitaji kinga ni fundi mwenyewe, kwa hiyo mtambo hufungiwa ndani ya kuta za madini ya risasi.