Tetemeko la Ardhi: Udongo Unakumbuka Kuliko Babu

Leo tuweke pembeni alizeti na viwavi, tuzungumzie ardhi yenyewe. Kila nikigusia tetemeko kwenye mikutano ya vijiji hapa Ikungi, jibu ni lilelile: "Bwana shamba, tangu enzi za babu hatujaona nyumba ikianguka kwa tetemeko." Sawa. Ila kumbukumbu ya babu ni miaka mia hivi. Udongo unakumbuka maelfu ya miaka, na wapo wataalamu wanaousoma.

Wanausomaje? Wengi mmeniona nikichimba shimo shambani kuangalia tabaka za udongo. Watafiti wa matetemeko ya kale wanafanya kazi inayofanana na hiyo, ila wao huchimba mtaro unaokatiza ufa, yaani pale ardhi ilipopasuka na upande mmoja ukashuka. Tabaka lililokuwa limenyooka wanalikuta limekatika, kipande kimoja juu na kingine chini. Tabaka la juu yake ambalo halijakatika lilikuja baada ya tetemeko. Wakipata vipande vya mkaa wa kale ndani ya tabaka hizo, maabara hupima umri wake. Hapo wanajua tetemeko lilitokea kati ya lini na lini.

Mfano mzuri uko kwa majirani zetu Kenya, bonde la Subukia, eneo la wakulima. Tarehe 6 Januari 1928 lilitokea tetemeko la ukubwa wa 6.9, na ardhi ikapasuka kwa urefu wa karibu kilomita 38. Mwaka 2009, Olaf Zielke na Manfred Strecker walichapisha utafiti wao wa mtaro kwenye ufa huo. Kumbe ufa uleule ulishapasuka zaidi ya mara moja huko nyuma sana. Maana yake ufa unaweza kulala vizazi na vizazi, halafu ukaamka.

Na sisi je? Mwaka 2008, Athanas Macheyeki, Damien Delvaux na wenzao walichapisha uchunguzi wa nyufa zilizo hai kuanzia Manyara hadi Dodoma. Ukitoka Manyoni kwenda Dodoma, ule mteremko wa Sukamahela unaokushusha Kintinku ni ukingo wa Bonde la Ufa. Majaruba ya mpunga ya Bahi yako bondeni kwa sababu ardhi ilishuka. Magharibi mwa wilaya yetu, mbuga ya Wembere nayo ni sehemu ya mfumo huohuo, unaopanda kaskazini mpaka Ziwa Eyasi. Ikungi tuko katikati. Wazee wenye umri mkubwa waulizeni habari za Mbulu: tarehe 7 Mei 1964 kulipiga tetemeko la 6.4 upande huo.

Wala si lazima liwe kubwa namna hiyo. Lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la 5.9 tu, likaua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi. Mara nyingi kinachoua ni ukuta na paa, si mtikisiko wenyewe. Kwa hiyo fanya haya:

1. Kwenye tembe, kagua nguzo kila kiangazi. Iliyoliwa na mchwa ibadilishwe. Usiongeze udongo juu ya paa kila mwaka bila kupunguza ule wa zamani, maana uzito wote huo uko juu ya watoto wako.

2. Nyumba ya matofali mabichi isiwe na kuta ndefu zisizo na nguzo. Funga pembe vizuri, na juu ya milango na madirisha zungusha mkanda wa zege au mbao zilizoungana nyumba nzima.

3. Magunia ya mahindi, mtama au alizeti usiyapange marefu karibu na kitanda wala mlangoni. Yaishie usawa wa kifua, juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta.

4. Usijenge ukingoni mwa korongo.

5. Ardhi ikitikisika na wewe uko mlangoni, toka, simama uwanjani mbali na kuta. Ukiwa ndani mbali na mlango, jikinge chini ya meza imara, kinga kichwa.

6. Baada ya tetemeko, maji ya kisima yakibadilika rangi au ladha, usinywe mpaka yapimwe.

Hakuna mtaalamu anayeweza kukutajia siku. Lakini nguzo iliyoliwa na mchwa unaiona leo. Msimu huu ukiuza alizeti, tenga kwanza hela ya nguzo na mbao, rangi ya ukuta itafuata. Mwenye swali aniulize nikipita kijijini kwenu.