Hewa Inapokosa Njia Ndani ya Marudio (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza iliishia mwaloni, yaani mahali pa kuchenjulia dhahabu, mawe yakiwa yameshapondwa kwenye karasha na kusagwa kwenye bolmili, na dhahabu ya chembe kubwa imenaswa kwa zebaki. Mchanga unaobaki, yaani marudio, bado una dhahabu. Kuanzia Geita hadi Kahama hautupwi: hujazwa kwenye matangi na kulowekwa kwa maji ya sianidi. Dhahabu ikitoka kidogo, mkono huwa mwepesi kuongeza sianidi. Mara nyingi kilichopungua ni hewa.

Mwaka 1846 Mjerumani Elsner alikwishatambua kwamba sianidi haiyeyushi dhahabu bila oksijeni. Lita moja ya maji yenye nyuzijoto 25 hubeba takriban miligramu 8 tu za oksijeni, na kwenye nyanda za juu za Geita hupungua zaidi. Kiasi hicho kingeitosha dhahabu yenyewe, lakini mawe mengi ya ukanda huu yana salfaidi za chuma, nazo huila oksijeni kwanza. Ndiyo maana tangi hujazwa, likaachwa, kisha likafunguliwa: maji yanaposhuka, hewa mpya huvutwa nyuma yake, ikapenya kati ya punje.

Hapo ndipo wembamba wa njia unapoamua kila kitu. Nafasi kati ya punje ni mirija midogo, na maji hung'ang'ania kuta zake kama mafuta ya taa yanavyong'ang'ania utambi wa koroboi. Mrija wenye kipenyo cha milimita 1 hushikilia maji kwa kimo cha sentimita 3 hivi. Ukiwa wa milimita 0.1, kimo hufika sentimita 30. Wa milimita 0.01, mita 3. Kwa hiyo katika tangi la kina cha mita 2, marudio yenye udongo mfinyanzi mwingi yanaweza kubaki yamejaa maji hata bomba likiwa wazi. Oksijeni italazimika kujipenyeza ndani ya maji yaliyotuama, na humo husambaa polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani.

Hewa ikifanikiwa kuingia vipande vipande, huzuka tatizo jingine. Mwaka 1860 Mfaransa Jules Jamin alionyesha kwamba msururu wa viputo katika mrija mwembamba huweza kuhimili shinikizo kubwa bila kusogea. Kila kiputo hukinza kidogo, na ukinzani hujumlishwa. Mchanga ukizibwa hivyo, maji hutafuta njia chache zilizo wazi na kuyaacha marudio mengine bila kuguswa.

Dawa yake haihitaji mtambo wa gharama. Saruji kidogo na chokaa, vikichanganywa na marudio yenye unyevu kabla ya kujaza tangi, hugandisha vumbi laini kwenye punje kubwa. Mirija hupanuka, maji hushuka, hewa huyafuata. Chokaa hiyohiyo huiweka pH juu ya 10, na bila hivyo sianidi hugeuka gesi inayoua. Gesi hiyo, na jinsi mchenjuaji anavyoweza kujikinga nayo, ndiyo mada ya sehemu ya tatu.