Wanja la Alfajiri

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, matatu ya Ukunda ikipita Mwabungo, utamkuta binti kaketi dirishani, simu kaigeuza kioo, anatia wanja. Gari likifika kwenye tuta anainua mkono, likivuka anaendelea. Saa moja anatakiwa mapokezi, katika hoteli moja ya Diani. Mwenzake wa zamu, mwanamume, kakaa kando yake anasinzia. Yeye alishanawa uso, basi.

Kujipamba si jambo ambalo wanawake wa Pwani walifundishwa na hoteli. Wanja, hina, piko na liwa wamevikuta kwa bibi zao. Lakini liwa mtu hujipaka siku anayotaka mwenyewe. Hili la kazini lina msimamizi: “Mbona leo umepauka, unaumwa?” Kwenye mkataba halimo, na kila mmoja analijua.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haitaji poda wala rangi ya mdomo. Cha kushika ni kifungu cha 5: mwajiri haruhusiwi kubagua kwa sababu ya jinsia, iwe waziwazi au kwa kuzunguka, katika kuajiri, kupandisha cheo, masharti ya kazi au kuachisha. Kutaka wafanyakazi wote wawe nadhifu, sare zimepigwa pasi, si ubaguzi. Swali linakuja pale wanawake peke yao wanapobebeshwa gharama ya vipodozi na usingizi uliokatwa.

Mzigo huo huhitaji ushahidi. Darlene Jespersen alihudumu baa ya kasino ya Harrah's mjini Reno, Marekani, kwa takriban miaka 20. Mwaka 2000 ikaja kanuni: wanawake wapake poda, maskara na rangi ya mdomo; wanaume wasipake chochote. Alikataa, akapoteza kazi. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikamkatalia, majaji 7 kwa 4, kwa kuwa hakuleta ushahidi wa pesa na muda unaotumika.

Kwetu kifungu hichohicho cha 5 kinamtupia mwajiri kazi ya kuthibitisha kwamba hakubagua. Hata hivyo, usiende mikono mitupu. Tunza risiti, ujumbe wa msimamizi usiufute, kisha omba kanuni hiyo uandikiwe. Atakayeiandika itambidi aeleze kwa nini uso ulionawiwa unamtosha mgeni ukiwa wa mwanamume tu.