Bahashishi ya Dalali na Nyumba ya Mjane

Siku chache kabla ya mvua za masika alitujia mama mmoja mjane wa hapa Rabai, baada ya sala ya Alasiri, akifuatana na binti yake wa mwisho. Alikuwa amefikwa na jambo la nyumba. Mumewe alimwachia nyumba ya vyumba vinne, ya mawe, iliyoezekwa mabati, si mbali na barabara itokayo Mazeras kwenda Kaloleni. Watoto ni watano, wanaume wawili na wanawake watatu, na wote wamekwisha hamia kwingine. Walikubaliana nyumba iuzwe, kila mtu apate haki yake, na mama akakae kwa bintiye Malindi.

"Sheikh," alisema, "nimewaahidi madalali asilimia tano. Na juu yake nimeweka elfu hamsini kwa atakayeniletea mnunuzi ndani ya mwezi mmoja. Wamekuja saba, na nyumba ingali pale pale. Je, niongeze?"

Swali hili si lake peke yake. Tangu reli mpya ilipofika Miritini mwaka 2017, na watu wa mjini wakaanza kutafuta ploti huku juu kwenye minazi, hakuna kijiwe cha bodaboda pasipo na dalali wawili watatu. Kila mwenye nyumba husikia maneno yale yale: mwenzako ameweka kitu juu, nawe weka, upate kuletewa watu. Kwa hiyo tumeona tulijibu hapa kwa urefu, kwa kuwa aghalabu nyumba zinazouzwa kwa njia hii ni za mirathi, na anayepunguziwa ni mama au binti aliyekaa kimya barazani wakati wanaume wakizungumza bei.

Kwanza tuseme haki. Ujira wa dalali ni halali. Imamu Bukhari, Mungu amrehemu, ameweka katika kitabu chake mlango mahsusi juu ya ujira huo, akataja wanavyuoni wakubwa wa mwanzo, miongoni mwao Ibn Sirin na Ataa, ambao hawakuuona ubaya. Na katika madhehebu yetu ya Shafii kuna mlango wa juaala, yaani mtu kuahidi malipo maalumu kwa atakayemtimizia kazi fulani. Akitimiza analipwa, asipotimiza hana chake. Dalali amekwenda juani, amepiga simu kwa fedha zake, amewaleta watu. Kumdhulumu ni dhuluma kama nyingine yoyote.

Lakini aliloulizia mama ni kama bahashishi ile ya ziada inauza nyumba. Jibu letu ni kwamba inaleta miguu mlangoni, na miguu mlangoni bado si mauzo.

Walio wengi katika biashara hii wamejaribiwa Marekani kuliko sisi. Huko, kwa miaka mingi, muuzaji ndiye aliyelipa madalali wote wawili, wa kwake na wa mnunuzi, jumla yake kwa kawaida ikiwa asilimia tano au sita ya bei. Watafiti waliochungua mauzo ya nyumba katika eneo la Boston waligundua kuwa nyumba zilizotangazwa kwa ujira mdogo zilikuwa na upungufu wa asilimia 5 katika nafasi ya kuuzika, na zilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 12. Hazikuwa nyumba mbaya. Madalali wa wanunuzi walikuwa wakizipita tu, wakawapeleka wateja wao kwenye malipo mazuri. Jambo hili lilifika mahakamani, na mwezi wa Oktoba 2023 baraza la wazee wa mahakama mjini Kansas City likaamua dhidi ya chama cha madalali cha National Association of Realtors na baadhi ya kampuni kubwa. Machi 2024 chama hicho kikakubali kulipa dola milioni 418, na kuanzia Agosti mwaka huo kikaondoa ruhusa ya kutangaza ujira wa dalali wa mnunuzi katika orodha zao za nyumba.

Kwa hiyo asemaye kwamba bahashishi haifanyi kazi hasemi kweli. Inafanya kazi, ila tuangalie inamfanyia nani.

Tuchukue hesabu ya mama yetu. Bei aliyoitaja ni shilingi 3,200,000. Fungu lake yeye, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ni thumuni, yaani 400,000. Zinazobaki, 2,800,000, ni mafungu saba: kila mwanamume 800,000, kila mwanamke 400,000. Sasa toa asilimia tano ya dalali, ambayo ni 160,000, na toa elfu hamsini za bahashishi. Zimebaki 2,990,000, na thumuni ya mama imekuwa 373,750. Bado si vibaya.

Sasa na aje mnunuzi aseme, mimi nina 2,900,000 tu. Warithi wamepoteza laki tatu. Dalali amepoteza kiasi gani? Asilimia tano ya laki tatu, yaani elfu kumi na tano. Na ikiwa mwezi unakaribia kwisha, zile elfu hamsini zinamngoja upande wa pili. Mwenye akili timamu katika nafasi yake atafanya nini? Atakaa na mama barazani amwambie soko limelala, wanunuzi hawapo, chukua hizi kabla hazijakimbia. Tusimwite mwovu kwa hilo. Mama mwenyewe ndiye aliyemlipa ili amharakishe.

Wachumi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, waliipima tabia hii kwa mauzo yapatayo laki moja katika eneo la Chicago. Walilinganisha nyumba ambazo madalali waliwauzia wateja na nyumba ambazo madalali waliuza zao wenyewe. Zao wenyewe zilikaa sokoni siku tisa na nusu zaidi, na zikapata bei iliyozidi kwa asilimia 3.7 hivi. Dalali akiuza chake, husubiri; akiuza cha mwingine, huharakisha. Tulipomsomea mama habari hii alicheka, akasema hata fundi wa nguo ni hivyo hivyo.

Tukamwambia asiongeze. Tukamwuliza pia swali ambalo hakuna dalali kati ya wale saba aliyekuwa amemweleza sawasawa: hati ina jina la nani? Akasema, la marehemu.

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Wale watu saba hawakurudi nyuma kwa kukosa hamu. Mnunuzi wa siku hizi hufanya sachi katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata senti, na sachi ile ilimwonyesha jina la mtu aliyezikwa. Mjane hana uwezo wa kumhamishia mtu ardhi iliyo kwa jina la marehemu mpaka mirathi ipite mahakamani. Kwetu Waislamu, wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali, Katiba ya mwaka 2010 imempa Kadhi mamlaka hayo ya mirathi katika kifungu cha 170. Na wengine hapa Rabai hawana hati kabisa. Wako pia wenye nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine, desturi ya pwani tuijuayo sote. Penye shamba, kuna na idhini ya bodi ya ardhi, ambayo sheria inataka iombwe ndani ya miezi sita tangu mapatano. Ongeza bahashishi hata ifike laki mbili, sachi itasoma jina lile lile.

Mama alituahidi kwenda kwa Kadhi. Kabla hajaenda, mwezi ule wa bahashishi ulikuwa umebakisha siku tano. Dalali mmoja akaleta mnunuzi kutoka mjini, akamwambia hati iko tayari, kasoro sahihi tu. Mnunuzi akatoa arbuni ya shilingi 200,000. Dalali akachukua elfu hamsini zake pale pale mbele ya mama, naye mama akaona haya kumkatalia, kwa kuwa aliahidi. Siku tatu baadaye mnunuzi akafanya sachi, akarudi amekasirika, akitaka fedha zake zote. Naye alikuwa na haki. Kwa madhehebu yetu arbuni hurudishwa, na hata asiye wa madhehebu yetu asingesema mnunuzi aliyedanganywa abaki na hasara. Mama alikuwa na laki moja na nusu. Elfu hamsini zilikuwa kwa dalali, na dalali alikuwa hapokei simu.

Zililipwa. Mwanawe wa kwanza alizitoa katika mshahara wa miezi miwili, na maneno yaliyopita kati ya ndugu hatutayaandika.

Makosa mangapi hapo? Dalali alificha aibu ya bidhaa, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hutiwa baraka, na wakificha huondolewa. Lakini mapatano nayo yalikuwa na tundu. Mama aliahidi kulipa kwa kuleta mnunuzi, hakusema kwa kukamilika uuzaji. Laiti angeandika kwamba ujira ni wa siku ile ardhi itakaposajiliwa kwa jina la mnunuzi, kiasi kadha wa kadha, na kwamba ziada itakuwepo tu ikiwa bei haikushuka chini ya alivyotaja, elfu hamsini zile zisingetoka. Bahashishi iliyofungwa kwenye bei humfanya dalali apiganie bei. Iliyofungwa kwenye tarehe humfanya apiganie tarehe.

Tena sheria ya nchi, Sura ya 533, inamtaka afanyaye kazi ya uwakala wa ardhi na nyumba awe amesajiliwa na bodi yake. Muulizeni. Wengi wa vijiweni hawajasajiliwa, na huo ukweli unafaa kujulikana kabla ya kumkabidhi mtu ufunguo.

Na kuna ile desturi ya cha juu, mwenye nyumba kusema, mimi nataka milioni tatu, kitakachozidi ni chako. Ibn Abbas amepokewa kuwa hakuona ubaya kwa mfano wa hilo, lakini wengi wa wanavyuoni, na Shafii miongoni mwao, wamelikataa kwa kuwa ujira haujulikani. Sisi tunawanasihi wajane waliache. Tumeona cha juu kikipita laki nne, na mwenye nyumba hakujua ila alipokutana na mnunuzi harusini.

Mama alikwenda kwa Kadhi. Ilichukua miezi. Hati ilipotoka kwa majina ya warithi, tulimkumbusha kisa cha Abu Rafii, aliyemwuzia jirani yake Saad bin Abi Waqqas sehemu ya nyumba kwa bei iliyo chini ya ile aliyopewa na wengine, kwa sababu ya haki ya ujirani aliyoisikia kwa Mtume. Katika madhehebu yetu jirani hana haki ya kulazimisha, lakini kumtangulizia habari ni katika adabu. Mama akasema jirani yake ni mzee, hana fedha. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akingoja nje akasikia, akasema, mzee ana mwana Mariakani anayetafuta pa kujenga. Akaenda kumwambia.

Mwana huyo alitoa 3,000,000, akalipia ushuru wa stempu wake, na wakili akaandika. Thumuni ya mama ikawa 375,000, ambayo inazidi kwa shilingi 1,250 ile ambayo angeipata kwa bei kubwa pamoja na dalali na bahashishi.

Kisha akatuuliza kijana wa bodaboda apewe nini. Tukamwambia hamkupatana, basi hadai kitu. Ukimpa ni hiba. Alimpa elfu tano katika fungu lake mwenyewe, si katika la watoto, na akamwomba ampeleke mpaka Mazeras na mizigo yake apande gari la Malindi.